Stima Inayoliwa Usiku Afisini

Mwezi huu tujifunze kuhusu matumizi ya stima katika afisi zetu ndogo: afisi ya ushirika, ya shule, ya zahanati au ya kikundi. Pesa ya stima hutoka mfuko ule ule wa mbegu na karo. Ikipotea, kuna mtu atakosa.

Sisi wa Nakuru tuko karibu na mvuke wa Olkaria, ambao umetoa stima tangu 1981. Lakini ukaribu huo haupunguzi bili. Tena tunakumbuka mwaka 2000, ukame ulipokausha mabwawa ya mto Tana na stima ikagawiwa kwa zamu nchi nzima.

Yuniti moja ni nini? Ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Sasa tupige hesabu. Kompyuta ya mezani na skrini yake, tuseme zinakula wati 100. Tukifunga afisi saa kumi na moja jioni na kurudi saa mbili asubuhi, hizo ni saa 15, yaani yuniti 1.5. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 63, yaani yuniti 6.3. Kwa wiki ni yuniti 12.3, kwa mwaka ni zaidi ya 600. Zidisheni kwa bei ya yuniti iliyo kwenye risiti yenu, mtaona!

Wengine husema, "Si skrini ina picha zinazotembea, imepumzika." La. Picha zikitembea, mashini ingali inafanya kazi. Nayo mashini ya fotokopi huyeyusha unga wa wino kwa joto. Nyingi zikiachwa tayari hujipasha moto hata kama hakuna karatasi inayopita.

Tufanye hivi:

1. Jioni andikeni namba ya mita, na asubuhi tena kabla ya kuwasha chochote. Tofauti ndiyo stima iliyoliwa bila mtu. Mali bila daftari hupotea bila habari.
2. Mtu mmoja apewe zamu ya kuzima. Kazi ya wote huwa si ya yeyote.
3. Zimeni kompyuta kwanza kwa utaratibu wake, halafu soketi ukutani.
4. Kusanyeni karatasi za kunakili, mtoe zote kwa mara moja.
5. Chemsheni maji ya chai mara moja, myaweke kwenye themosi.

Angalieni: friji ya chanjo ya zahanati isizimwe kamwe. Bandikeni alama nyekundu kwenye soketi yake, ili mwenye zamu asikosee gizani.

Maswali ya kujadiliana

1. Afisini kwetu, ni mashini gani inawaka sasa na hakuna anayeitumia?
2. Nani atashika daftari la mita wiki hii?
3. Tukiokoa yuniti hizo, pesa itafanya kazi gani?