Ubao wa Matumaini

Vijana wetu wa Kisii na Nyamira wametuuliza: je, yafaa kubandika ukutani ubao wenye picha za mambo tuyatumainiyo, kama nyumba, shamba na cheti cha chuo?

Twajibu: kupanga si kosa. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alichora mraba, akapiga katikati mstari uliotokeza nje, na mistari midogo pembeni. Akaeleza kuwa mraba ni ajali, yaani mauti yaliyomzunguka mtu. Mstari utokezao ni matumaini yake. Midogo ni misukosuko. Basi ubao wenye matumaini bila mauti ni nusu ya mchoro.

Tena picha haifanyi kazi. Mkulima wa Kebirigo apandaye mche wa chai leo hungoja kiasi cha miaka mitatu ndipo achume. Na bonasi ya chai isiyowekewa hesabu huyeyuka sokoni, mtoto akarudishwa nyumbani kwa karo.

Kwa hiyo picha za viumbe hazina haja, maneno yatosha. Tuandike mambo matatu: nia yetu, gharama yake kwa shilingi, na kazi ya juma hili. Deni la watu litangulie yote, kwani mauti hayangoji. Na chini tuandike "Inshallah", kama tulivyofunzwa katika Suratul Kahf.

Mwenyezi Mungu atujaalie nia safi na mikono isiyolegea. Amin.