Mtoto mwenye ADHD akiingia uwanjani

Daktari, mwanangu ana miaka 8 na ana ADHD. Kocha analalamika kwamba hasikilizi, kila mechi anamweka benchi. Nimtoe kwenye mpira?

Usimtoe, mama. Anasikia vizuri. Kocha akisema, "Pokea, geuka, mpe wa kushoto, kimbilia nafasi," yeye anabaki na neno la kwanza tu, kwa sababu ADHD hudhoofisha uwezo wa kushika maelekezo kichwani na kujizuia. Mwombe kocha ampe agizo moja, amwoneshe kwa mguu, kisha mtoto ajaribu papo hapo. Foleni ya watoto 15 wanaongoja mpira mmoja haimfai. Wagawanywe watatu watatu. Na benchi linamwonea: anayehitaji kuugusa mpira zaidi ndiye anayeugusa kidogo.

Hata pasi ya karibu inampita. Ni uvivu?

Hapana. Watoto wengi wenye ADHD wana pia shida ya kuratibu viungo vyao. Apige mpira ukutani nyumbani, dakika 10 kila siku, bila wenzake wa kumcheka.

Akifungwa analia, anabutua mpira nje, anakataa kumpa mpinzani mkono. Nimekemea hadi nimechoka.

Kanuni anaijua, muulize jioni, atakueleza vizuri. Ila hasira inapopanda, kanuni haimjii kwa wakati. Kwa hiyo mkumbushe pale pale uwanjani, wala si kwa mahubiri njiani mkirudi nyumbani.

Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani mwenye medali 28 za Olimpiki, aligunduliwa kuwa na ADHD akiwa na umri wa miaka 9. Utotoni alishindwa shindano moja, akavua miwani yake ya kuogelea na kuitupa. Mama yake, Debbie, alimwambia uungwana una uzito sawa na ushindi, kisha wakakubaliana ishara: mama akiwa jukwaani anakunja mkono kuwa herufi C, maana yake tulia. Nanyi tafuteni yenu, mtoto mwenyewe aichague.

Kushindwa nako kunafanyiwa mazoezi. Chezeni mechi za bao moja, afungwe, atoe mkono, mwanze tena. Akifanya vizuri, litaje tendo lenyewe mara moja: "Umempa mkono ingawa umefungwa." Mwanasaikolojia William Pelham, aliyeanzisha kambi za likizo za watoto hawa nchini Marekani mwaka 1980, aliwapa pointi kwa uungwana michezoni, wakati uleule wanapouonesha. Mimi naona hilo lina nguvu kuliko zawadi ya mwisho wa mwezi.

Basi ahamie kuogelea?

Akipenda. Kuogelea, riadha na karate havina kungoja pasi kwingi, lakini mtoto hudumu katika mchezo anaoupenda. Michezo isichukue nafasi ya matibabu aliyopangiwa. Akibaki kwenye mpira, zungumza na kocha kuhusu namba yake: golini atasimama muda mrefu bila kazi, na akili itatoka uwanjani. Kiungo wa kati atakuwa na shughuli muda wote.