Kadi za Salamu: Kazi ya Mapumziko Igeukapo Biashara

Mhariri wetu ameniomba niandike juu ya kazi ya mikono iwezayo kumpatia mwanafunzi fedha kidogo wakati wa likizo. Nimechagua kadi za salamu, maana nilizitengeneza mwenyewe nilipokuwa Kidato cha Tatu, na hasara niliyoipata ilinifunza hesabu kuliko ubao wowote.

Kwetu ni mlimani, juu ya Moshi, na migomba imezunguka nyumba. Magome yake ya nje yakisha kukauka yangali juu ya shina, huwa na rangi nyingi: nyeupe ya maziwa, manjano kama majani makavu, kahawia, hata karibu na nyeusi. Wakati wa kiangazi nilikuwa nikiyabandua, nikiyapangusa kwa kitambaa kibichi, na kuyalaza kati ya magazeti chini ya mawe. Hayo nilikata kwa wembe nikayafanya kuwa picha: mlima, mama mwenye mzigo kichwani, nyumba na mti. Gome lililochumwa wakati wa mvua halifai. Litaota ukungu ndani ya kadi hata kama kwa macho laonekana kavu.

Mwanzo niliwapa rafiki zangu bure wakati wa Krismasi na Iddi. Walisifu sana. Basi hapo ndipo wengi wetu hupotea, kwa kuwa sifa ya mtu aliyepewa bure si ushahidi kwamba angalinunua.

Mwaka wa 2004 mdogo wangu wa kike alichaguliwa kuingia sekondari, na nyumbani fedha za sare na viatu zilikuwa hazitoshi. Nikamwendea mama nikamwomba anikopeshe fedha za mayai, nami nitazirudisha na faida juu yake. Mama aliuliza neno moja tu, “Nani atazinunua, mwanangu?” Nikajibu, “Watu wote, mama.” Jibu hilo halikuwa jibu, lakini alinipa.

Nilinunua manila sita kubwa. Kila moja hutoa karatasi nane za kipimo cha A4, na kila A4 ikikatwa mara mbili na kukunjwa hutoa kadi mbili ziingiazo sawasawa katika bahasha ndogo ya C6. Kwa hiyo manila sita ni kadi 96. Yafaa kuchagua bahasha kwanza, ndipo ukate kadi. Mimi mara ya kwanza kabisa nilikata kadi kwa macho, nikazunguka mji mzima nisipate bahasha ya kuzitosha.

Nikapeleka kadi zote 96 kwa mwenye duka mmoja mjini. Akazitazama, akasema, “Nzuri, kijana. Niachie mali kauli.” Tukapatana shilingi 200 kwa kila kadi. Sikuandika popote. Nilirudi nyumbani nikihesabu shilingi 19,200 ambazo hazijawa zangu.

Baada ya wiki saba nilikuta kadi 41 zimeuzwa. Zilizobaki 55 zilikuwa dirishani zikipigwa na jua, manila ya rangi imechujuka, nyingine zimepinda kama vigae. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: manila shilingi 3,000, bahasha 4,800, gundi 1,500, nyembe 300, nauli 2,000. Jumla ni shilingi 11,600. Nilipokea 8,200. Hasara ni 3,400, na kazi yangu haijahesabiwa. Mdogo wangu alianza muhula akivaa viatu vyangu vya zamani, mbele vimejazwa vipande vya manila vilivyosalia. Hakuninung'unikia hata siku moja, na jambo hilo lilinichoma zaidi.

Nilimlaumu mwenye duka kwa muda mrefu. Siku hizi sioni kwamba kosa lilikuwa lake peke yake. Katika historia ya kadi yuko Mmarekani, Joyce Hall, aliyefika Kansas City mwaka wa 1910 akiwa na miaka 18, na mali yake ni picha za posta zilizojaa makasha mawili ya viatu. Aliwatumia wenye maduka vifurushi vya kadi mia mia pamoja na hati ya madai, bila ya kuagizwa. Wengine walizirudisha kwa hasira, wengine walizichukua wasilipe kitu, lakini theluthi hivi walilipa. Mwaka wa 1915 moto uliteketeza bidhaa zake zote; akakopa, akaanza tena kwa kujichapia kadi zake mwenyewe. Kampuni yake ndiyo ijulikanayo leo kwa jina la Hallmark. Tazameni tofauti: Hall alituma vifurushi vyake pamoja na hati ya madai. Mimi sikuwa na hata kipande cha karatasi, wakati nalala juu ya vipande vya karatasi!

Bei nayo ina mambo yake. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapishwa kwa kuuzwa ilitolewa London mwaka wa 1843 kwa amri ya Henry Cole, ikachorwa na John Callcott Horsley. Iliuzwa shilingi moja ya Kiingereza, bei kubwa kwa mfanya kazi wa siku zile. Kadi hazikuenea kwa watu wote mpaka uchapaji ulipokuwa rahisi. Mwenye kutengeneza kadi ajiulize kwanza mnunuzi wake ni nani, kama mama alivyoniuliza.

Sasa nieleze hesabu niliyopaswa kuifanya. Gawanya 11,600 kwa 96, utapata karibu shilingi 121 kwa kadi moja kabla hujajilipa chochote. Kadi moja ilinichukua nusu saa, maana nilikuwa nikiikamilisha moja ndipo nianze ya pili. Kadi 96 ni saa 48. Hata kama zote zingaliuzwa, faida ya 7,600 ingalikuwa shilingi 158 tu kwa saa, na kwa fedha hizo ningalilimiwa shamba la watu.

Nikabadili namna ya kufanya kazi. Nilikata manila zote siku moja. Siku ya pili nikapiga mstari wa kukunjia kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, ili kadi isipasuke. Kisha nikakata magome kwa kufuatisha vielelezo vya katoni. Gundi nyeupe ya mbao nilipaka nyembamba, maana uji wa unga huwaita wadudu. Kadi zikalala usiku kucha chini ya ubao wenye uzito, kivulini, wala si juani. Kwa njia hiyo kadi moja ilichukua dakika 12. Nikijilipa shilingi 300 kwa saa, dakika hizo ni shilingi 60. Nikaongeza shilingi 12 kwa zile ziharibikazo. Jumla 193. Basi ile bei ya 200 ilikuwa imeniachia shilingi saba! Nikapandisha hadi 250. (Bei hizi ni za mwaka ule, atakaye kujaribu leo aulize za sasa dukani kwanza.)

Pia niliacha kutengeneza kabla ya kuagizwa. Nilibaki na kadi 10 za mfano katika bahasha safi, nikawa nikizionyesha kwa watu wenye shughuli: harusi, kipaimara, mahafali, kumwaga mwalimu ahamaye. Aliyetaka alitoa arbuni ya nusu, nami nikaandika jina, idadi, siku ya kuchukua na fedha iliyobaki, kisha akatia sahihi. Harusi ya kwanza ilikuwa kadi 150. Nikakosea tarehe katika kadi 30, nikazirudia kwa fedha yangu, na tangu siku hiyo sikuandika neno kabla mwenye shughuli hajasoma mfano kwa sauti.

Jambo moja kwa wachoraji wetu: msinakili picha za vitabu vya watu wala wanyama wa sinema, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yakataza. Mlima upo, migomba ipo.

Yuko mzazi atakayesema kwamba siku hizi salamu hutumwa kwa simu. Ni kweli, na kadi za kawaida za sikukuu sizipendekezi kwa mtu anayeanza. Lakini simu haiwekwi juu ya kabati la sebuleni kwa miaka kumi, na kadi ya harusi huwekwa.

Deni la mama nililimaliza Agosti 2005. Viatu vya mdogo wangu vilinunuliwa mwezi uliofuata, namba yake mwenyewe. Daftari la maagizo ninalo mpaka leo, na wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanaotaka kuliona waje ofisini Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, na rula zao.