Programu ya Barua Pepe Inapojifunga Yenyewe
Vikundi, maduka na ofisi za kata hutunza maombi na ankara katika barua pepe. Hitilafu ya programu isiwe sababu ya kuzipoteza. Wanaotumia Outlook ya Windows yenye faili la .pst wafuate hatua hizi.

Kwanza, programu ikiwa imefungwa, nakili faili hilo, usifute chochote.

Pili, fungua Outlook huku umeshikilia kitufe cha Ctrl, kisha ukubali hali salama. Ikitulia, kasoro huenda imo katika programu nyongeza: zizime zote, uziwashe moja moja hadi yenye kasoro ijulikane.

Tatu, isipotulia, ifunge na ulikarabati faili kwa SCANPST, inayosakinishwa pamoja na Outlook.

Faili likikaribia GB 50, kikomo cha kawaida tangu toleo la 2010, hamishia barua za zamani katika faili jingine.