Mzigo wa Mpagazi na Umeme wa Treni

Katika karne ya 19, mpagazi wa msafara alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kutoka Bagamoyo hadi Tabora. Safari ilichukua miezi. Tabora iko mita 1200 hivi juu ya usawa wa bahari. Tukizidisha uzito huo kwa kimo hicho, twaona kwamba kazi ya kuuinua mzigo wenyewe ni takriban sehemu ya kumi ya uniti moja ya umeme: hutosha kuwasha taa ya wati 100 kwa saa moja. Jasho lililobaki lilikwenda katika kuubeba mwili na katika kila bonde lililoshukwa na kupandwa tena.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, haikubadili hesabu hiyo. Ilipunguza msuguano tu. Treni ya tani 1000 yahitaji uniti 3270 hivi ili kupandishwa kimo hicho, iwe inakokotwa kwa mvuke, dizeli au umeme.

Reli mpya, ambayo treni zake za abiria zilianza kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, hutumia umeme wa volti 25,000. Sababu ni hii: kichwa cha treni chenye kuhitaji kilowati 4000 huvuta ampea 160 kwa volti hizo, lakini ampea 1333 kwa volti 3000, ambazo bado hutumika katika njia nyingi za Afrika Kusini. Upotevu katika waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo. Basi, kwa waya ule ule, tofauti ni karibu mara 70. Ethiopia nayo ilichagua volti 25,000 kwa reli ya Djibouti. Kenya, katika reli yake ya Mombasa hadi Nairobi ya mwaka 2017, ilianza kwa dizeli.

Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021. Hapo ndipo mteremko wa kurudi pwani unapoleta faida. Treni inaposhuka, mota zake zaweza kugeuka jenereta, na sehemu ya nishati iliyotumika kupanda ikarudi katika waya. Lakini umeme huo lazima upate wa kuupokea papo hapo: treni nyingine inayopanda, au gridi yenyewe. Penye treni chache na gridi isiyoupokea, huishia kuwa joto katika breki.