Mimba Nje ya Mfuko wa Uzazi: Tusingoje Mrija Upasuke

Hapa kwetu Ganze mama akishikwa na maumivu chini ya kitovu, twasema ni chango. Achemshiwe mizizi, alale. Pengine ni chango kweli. Lakini kama amekosa hedhi, tusikate shauri haraka.

Katika kila mimba 100, moja au mbili hutunga nje ya mfuko wa uzazi. Zaidi ya 90 kwa 100 ya hizo hukwama mrijani. Chache hukaa pasipozoeleka: kwenye kifuko cha mayai, shingo ya uzazi, kati ya matumbo, au kwenye kovu la upasuaji wa zamani. Mrija ni mwembamba. Mimba ikikua unapasuka, na damu humwagika ndani tusipoiona.

Dalili ni hizi: kukosa hedhi, maumivu ya upande mmoja, damu kidogo kidogo, kizunguzungu, na hata maumivu ya bega.

Matibabu yapo. Mwaka 1883, daktari Lawson Tait wa Birmingham, Uingereza, alimfungua tumbo mama aliyekuwa akivuja damu hivyo, na mama akapona. Tangu miaka ya 1970, madaktari wameweza kutoa mimba hizi kwa matundu madogo. Tumbo hujazwa hewa, kamera huingizwa kitovuni, na vyombo vyembamba hupita pembeni. Kidonda ni kidogo, na mama hurudi nyumbani mapema. Hata nyingi za zile zisizozoeleka hutibiwa hivyo, penye mashine na daktari mwenye ujuzi.

Lakini njia hii hufaa zaidi kwa anayefika mapema. Aliyekwisha kupoteza damu nyingi mara nyingi hufunguliwa tumbo upesi, na asikatae. Ndiyo salama yake.

Basi akina baba, msiseme "ningojeni nirudi kutoka Mombasa." Toeni ruhusa leo, wekeni nauli ya kufika Kilifi. Mama aende kituo kilicho karibu apimwe mkojo. Akionekana ana mimba na maumivu yapo, apelekwe hospitali kupigwa picha ya tumbo. Aliyebaki na mrija mmoja mzima aweza kuzaa tena, ila mimba ijayo apimwe mapema.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kijijini kwetu, usiku wa manane, nani ana gari au pikipiki?
2. Mume akiwa safarini, nani atatoa ruhusa?
3. Ni nini hutuchelewesha nyumbani?