Je, Pumu ya Ngozi Huhamia Kifuani?



Katika zamu zangu za wodi ya watoto, swali hili nimelisikia mara nyingi: "Daktari, mtoto ana pumu ya ngozi, na sasa kifua kinabana. Ni ile pumu imeingia ndani?" Lugha yetu yenyewe inalichochea, kwa kuwa ukurutu tumeuita pumu ya ngozi. Upele hauhami. Lakini mama anayeuliza hivyo ameona jambo la kweli, na tusimcheke.

Bronkiolaitisi ni maambukizi ya virusi katika vimirija vidogo kabisa vya hewa. Huwapata watoto wa chini ya miaka 2, hasa katika mwaka wa kwanza. Kuta za vimirija huvimba, makamasi na seli zilizokufa huziba njia, na mtoto huhangaika kuvuta pumzi. Virusi vinavyoongoza ni RSV, vilivyogunduliwa kwa sokwe mwaka 1956 na kupatikana kwa watoto wachanga mwaka uliofuata. Hivi havichagui: mtoto ambaye ukoo wake haujui mzio huugua vilevile.

Habari hubadilika tukifika kwa rainovirusi, virusi vya mafua ya kawaida. Watoto wanaobanwa kifua kwa virusi hivi mara nyingi ni wakubwa kidogo, na wengi zaidi wana ukurutu au mzazi mwenye pumu. Kwa nini? Mwili ukivamiwa na virusi, seli za kinga hutoa intaferoni, kemikali inayovizuia kuzaliana. Kwa mwenye mzio, kingamwili za IgE zikichochewa juu ya seli hizo, intaferoni hupungua.

Na IgE hiyo inatoka wapi? Mwaka 2006 watafiti walionyesha kuwa hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayoimarisha tabaka la juu la ngozi, huongeza sana hatari ya ukurutu. Ukuta wa ngozi ukivuja, vumbi na chembe za vyakula hupenya, na mwili hujifunza kuvichukia. Kwa hiyo kinachosafiri ni mzio.

Huko Wisconsin, Marekani, watoto wenye mzazi mwenye pumu au mzio walifuatiliwa tangu kuzaliwa. Waliotoa mlio wa filimbi kifuani kwa rainovirusi katika miaka 3 ya kwanza walikuwa na uwezekano wa pumu wa takriban mara 10 walipofika miaka 6. Kwa RSV ilikuwa kama mara 2 na nusu. Baadaye ilionekana kwamba mzio ndio hutangulia, kisha mlio. Ndiyo maana mimi naviona virusi zaidi kama mfichuaji kuliko mwanzilishi, ingawa mjadala haujafungwa.

Ukurutu peke yake haubadilishi matibabu ya bronkiolaitisi ya kwanza. Salbutamoli na steroidi hazijaonyesha faida, na mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri zisitumike. Tiba ni oksijeni ikihitajika, maziwa au maji ya kutosha, na kusafisha pua. Mlio ukijirudia mara kwa mara, hapo ukurutu una uzito: mtajie daktari, pamoja na pumu ya mzazi. Na mtoto akinyonya chini ya nusu ya kawaida yake, mbavu zikibonyea, midomo ikiwa ya buluu au pumzi ikikatika, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, awe na ukurutu au asiwe nao.